Nyinyi mnaoanza homskuli mwaka huu, kaeni hapa kidogo

Jumatano tulikuwa Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, na kikundi chetu cha kusomeshea watoto nyumbani, watoto wanafukuzana na tumbili kama kawaida, na mama mmoja mgeni akanionyesha picha kwa simu. Chumba kimoja cha nyumba amegeuza darasa. Ubao mweupe, deski mbili zimechongwa na fundi, kengele ya kushika na mkono, na walahi sidanganyi, sweta za yunifomu. Watoto ni wawili. Nikamuuliza sweta ni za nini akasema za nidhamu. Nilinyamaza juu hata mimi 2018 nilikuwa na hiyo kengele.

Lakini hapo pembeni kukawa na mwingine anauliza nani anauza PACE za level four, vile vijitabu vya mtaala wa ACE (level ni kama darasa), bei ya kuelewana, na mtoto hajafanya hata dayagnostiki, ile testi ya kuonyesha aanzie wapi. Hapo nikashindwa. Nimeandika hii usiku huo huo, sijapanga vizuri, mtanisamehe.

1. Kengele weka kabatini. Mtoto wako akimaliza kazi saa nne na nusu asubuhi usianze kuhema ati kuna kitu umesahau. Mwalimu wa shule anangoja watoto arobaini watoe vitabu, wewe unangoja mmoja. Ratiba ifuate nyumba yenu ilivyo. Kwetu maji yalikuwa yanakuja Jumanne na Ijumaa, kwa hivyo Jumanne asubuhi hakukuwa na hisabati, kulikuwa na mitungi, na nilipoacha kupigana na hiyo Jumanne hata presha ilishuka.

2. Mwezi wa kwanza usinunue kitu. Soma naye, pika naye, angalia anachoka saa ngapi na anapenda nini. Kuna mtu atasoma habari za Charlotte Mason, yule mwalimu wa zamani wa Uingereza, wiki mbili, amejaza nyumba vitabu vya ndege wa Uingereza, na ndege mtoto anaowaona kila siku ni kunguru na wale marabou wa uwanja wa Nyayo. Vitabu vya hadithi viko inama, kwa wale wanaouza mitumba chini, bei ya chapati mbili ukijua kubishana.

3. Dayagnostiki ni ya mtoto, si yako. Hapa nitakaa.

Kifungua mimba wangu nilimtoa shule 2018 akiwa darasa la tatu, sababu tuziache. Tukachagua ACE (Accelerated Christian Education). Akafanya dayagnostiki, Kiingereza akakaa sawa, hisabati ikasema arudi level two azibe mapengo kadhaa kwanza. Nilikasirika ni kama nimetusiwa mimi mwenyewe. Kuna binamu yake, mtoto wa dada ya baba watoto, walikuwa darasa moja kimiaka, anasoma akademi, na kila Krismasi ushago hao wawili husimamishwa mbele ya shosho waulizwe maswali. Sasa mimi nifike na mtoto wa level two? Nikaagiza level four. Hata si three. Nikamwambia mwenye kuuza ati ni za mtoto mwingine mkubwa.

Mnajua PACE inavyoenda, mtoto anajiwekea goli zake kwa kadi, anafanya kazi, anaenda skoring stesheni, mahali funguo za majibu zinakaa, anajisahihisha na kalamu nyekundu. Stesheni yetu ilikuwa juu ya friji, halafu ikashuka mezani juu nilichoka kuinuka kila saa, nilikuwa na mtoto wa miezi minane mgongoni na nguo za watu za kushona zinaningoja. Na ile testi inayokaa katikati ya kitabu inafaa kung'olewa kabla mtoto apewe, si ndio? Sikuwa nang'oa. Kila siku nilikuwa nasema nitang'oa jioni.

Kijana akapaa. Kitabu cha hisabati wiki tatu kimeisha, tisini na nne, tisini na sita, mia. Pasi ni themanini, huyu hata themanini hakuijua. Chati ya nyota ilijaa nikashuka River Road kununua stika zingine. Nikampiga picha amesimama kando ya chati nikatumia mama mkwe. Hiyo picha bado ninayo na ukiiangalia leo unaona mtoto hacheki hata kidogo, lakini siku hiyo mimi niliangalia nyota tu.

Miezi saba tuliishi hivyo. Jioni moja stima imepotea, niko na tochi ya simu natafuta karatasi ya kuwashia jiko, nikaokota PACE ya Kiingereza iliyoisha na kabla sijairarua nikafungua ukurasa. Swali lilisema andika sentensi mbili ueleze kwa nini unampenda rafiki yako. Na mtoto wangu alikuwa ameandika, mwandiko safi wa kuunganisha herufi, "Majibu yatatofautiana." Hayo ni maneno ya ufunguo wa majibu, neno kwa neno.

Nilicheka, peke yangu pale jikoni, mpaka mtoto wa mgongoni akaamka. Halafu kicheko kikaisha. Nikaenda nikabeba vitabu vyote nikakaa navyo sakafuni na ile tochi, jiko halikuwashwa, walikula mkate. Hisabati zilikuwa tisa. Hakuna mahali pamefutwa, hakuna kosa, hakuna hesabu ya pembeni hata moja, majibu yamekaa tu ni kama yalishushwa kutoka mbinguni. Na zile alama nyekundu za tiki, jamani, alikuwa amezipiga kwa bidii, mahali pengine ameweka eksi moja moja ya kunizuga. Huo ubunifu ndio uliniuma zaidi juu ulinionyesha akili iko.

Asubuhi nikiwa na kikombe cha chai nikamuuliza themanini na nne gawanya kwa sita. Akaangalia mlango.

Nilipayuka, sitaficha. Nilimuita mwizi, mtoto wa miaka tisa. Aliningoja nimalize halafu akasema pole pole, "Mami, si wewe ulisema lazima tumalize kabla Krismasi?" Kisha jioni baba watoto akasikia hadithi yote, akauliza kitu kimoja tu, "Na wewe ulikuwa wapi?" akaenda kuoga. Hilo swali sijamsamehe mpaka leo na najua alikuwa na haki ya kuuliza.

Tulirudi level two. Tuligawanya maharagwe kwa sinia kama watoto wa nasari, mimi na yeye, wakati mdogo amelala, na mara ya kwanza alipopata jibu na bado kuna maharagwe mawili mkononi akaniuliza haya mawili yanaenda wapi, aliuliza kwa hasira kabisa, nikajua sasa anafanya hesabu. Ilichukua karibu mwaka. Krismasi hiyo ya ushago tulisema tuna homa.

Kwa hivyo funguo za majibu zikae na wewe, testi ng'oa siku kitabu kinaingia nyumba, na kila wiki chukua kurasa kadhaa usahihishe na macho yako. Na tafadhali msitoke hapa mkisema nimetukana ACE, dayagnostiki yao ilisema level two wazi wazi, mimi ndiye nilikataa kusoma.

4. Jueni mtoto atatokea mlango upi. Zamani mtu angekaa na mtoto nyumbani halafu amtafutie mahali pa kukalia KCPE, ule mtihani wa darasa la nane. KCPE iliisha 2023. Sasa kuingia sinia skuli, yaani gredi ya kumi, wanaangalia mtihani wa KJSEA wa gredi ya tisa asilimia 60, KPSEA ya gredi ya sita 20, na kazi za shuleni za gredi ya saba na ya nane 20. Hizo za shuleni nani atazipeleka KNEC, baraza la mitihani, kama mtoto hana shule? Ukijua utamrudisha kwa mfumo wa serikali, tafuta mapema shule iliyosajiliwa itakayokubali kumbeba kwa rekodi zao, usingoje gredi ya nane ndio uanze kulia kwa kikundi. Disaini za mtaala wa CBC, siku hizi unaitwa CBE, ziko bure kwa tovuti ya KICD, wale wanaotunga mitaala, msiuziwe fotokopi.

Wa IGCSE, ile mitihani ya Uingereza, Cambridge haisajili mzazi kutoka nyumbani, lazima upitie kituo. Mtihani wa Mei na Juni anza kuulizia Novemba, ukienda Machi utakuta dirisha la kawaida limefungwa na unalipa pesa ya kuchelewa ukiwa umenuna. Sayansi uliza kama kituo kina praktiko ya maabara au ni pepa ya kuandika inayochukua nafasi yake, juu mtoto anajitayarisha tofauti kabisa.

5. Watu. Mtoto akionekana kwa kioski saa nne asubuhi, mama mboga atamuuliza mbona hauko shule, na mtoto asipojua la kusema atajibu "Mami alinitoa," na hapo mtaa mzima unajua umeshindwa karo. Mfundishe jibu. Wangu alikuwa anasema "Nasomea nyumbani, niuzie nyanya za ishirini." Pia someni wenyewe Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto yuko shule, kwa hivyo muwe na faili yenye tarehe, kazi, matokeo, kila kitu, siku mtu wa ofisi akibisha hutaki kuanza kutafuta karatasi chini ya kitanda. Majirani wenyewe usiwachukie. Jirani yangu wa ploti aliyekuwa akinihurumia kwa ngazi, Machi 2020 shule zote zikafungwa, ndiye aliyekuja kugonga mlango na mtoto mkononi na vitabu kwa juala, macho mekundu, anauliza "mama, hii kitu mnaifanyaje?" Nilimpa chai kwanza.

6. Printa ya nyumbani ni mtego, wino utakumaliza, peleka kazi ya mwezi mzima saiba kwa flash. Tokeni za stima nunua kabla ya darasa la mtandaoni.

7. Nilikuwa na la saba lakini huyu wa kwanza amepita hapa nyuma amesoma juu ya bega langu, sasa ana miaka kumi na sita, anajitayarisha na hisabati ya IGCSE, na amesema niongeze kwamba zile PACE za hisabati hazikuwa tisa. Zilikuwa kumi na moja, mbili alizitupa.

Jumatano ijayo tuko Arboretum tena saa nne, kila mtu na chai yake. Na wewe mama wa kengele kuja nayo tu, watoto wakienda kule mtoni hatuna kitu cha kuwaita wakuje kula.