Maji Yamefoka, Hidrojeni Ni Ile Ile

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi friji hapa Mwanza. Nimetengeneza chombo cha kupasua maji kwa umeme: chupa ya kioo yenye mdomo mpana, maji yenye kostiki kidogo (ile soda kali inayounguza), vijiko viwili vya stenlesi na betri ya gari ya volti 12. Mita inasoma ampea 5. Juzi nikachomeka mpira wa pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, ile ya robo hospawa ninayotumia kwenye friji. Ilipowaka tu, maji yakafoka viputo vikubwa ajabu. Je, ni kweli ukivuta vakyumu hidrojeni inatoka nyingi zaidi?

JIBU: Marahaba, fundi. Kabla ya yote, nakuomba uuchomoe huo mpira na usiurudishe tena. Sababu nitakueleza.

Swali lako nalipenda kwa sababu na mimi liliwahi kunivuta. Nilipokuwa nafundisha kemia, siku moja nilifunga chombo kama chako kwenye ile pampu ndogo inayochomekwa kwenye bomba la maji la maabara. Viputo vikavimba, wanafunzi wakapiga makofi. Nikawaambia waje waangalie mita. Mshale uliokuwa umetulia kwenye ampea 1 ulikuwa umeshuka. Viputo vilikuwa vikubwa mno hadi vimefunika elektrodi, yaani vile vyuma vinavyoingiza umeme majini kama vijiko vyako, na umeme ukakosa njia nzuri ya kupita.

Mita ndiyo shahidi wa kweli hapa. Tangu Michael Faraday alipoandika kanuni zake mwaka 1834, tunajua kwamba gesi inayotoka hulingana na umeme uliopita. Kila molekuli ya hidrojeni inadai elektroni mbili, uwe ndani ya vakyumu au chini ya bahari. Ampea zako 5 kwa dakika 10 zinatoa kama mililita 380 za hidrojeni, tukizipima kwenye nyuzi 25 na presha ya kawaida ya pwani. Punguza presha hadi sehemu moja ya kumi, gesi hiyo hiyo itatanuka ijaze karibu lita 3.8. Lakini uzito wake utabaki pale pale, takriban gramu 0.03.

Tena mle ndani si hidrojeni na oksijeni peke yake. Hewa iliyokuwa imeyeyuka kwenye maji nayo inatoka, kama unavyoona ukifungua soda. Halafu yako maji yenyewe, na hili unalijua kuliko wasomaji wangu wote: kwa nini unavuta vakyumu kwenye mabomba ya friji kabla ya kujaza gesi? Ni ili unyevu uliobaki uchemke bila moto, utoke. Maji ya nyuzi 25 huchemka presha ikishuka hadi kama milimita 24 za zebaki, wakati hewa ya usawa wa bahari ni milimita 760. Pampu yako inafika huko bila shida. Sehemu kubwa ya ule mfoko wako ilikuwa mvuke.

Sasa nisikufiche, presha ina athari yake, ila iko kwenye volti. Kupasua maji kunahitaji angalau volti 1.23. Ukishusha presha ya gesi zote mbili mara kumi, kiwango hicho kinapungua kwa kama volti 0.044. Kwa ampea zako 5, hiyo ni wati 0.22. Pampu ya robo hospawa peke yake ni wati 186! Ndiyo maana wenye mitambo mikubwa hufanya kinyume chako: wengi hupasua maji chini ya presha kubwa, hata mara 30 ya hewa ya kawaida. Wanaongeza volti kidogo sana, na gesi inatoka ikiwa imeshashindiliwa.

Kuhusu ule mpira. Vijiko vyako viko chupa moja, kwa hiyo unavuta hidrojeni na oksijeni zikiwa zimechanganyika, mbili kwa moja, kipimo kile kile kinacholipuka vibaya kuliko vyote. Hata ikiwa kwenye hewa ya kawaida tu, hidrojeni hushika moto kuanzia asilimia 4 hadi 75, na cheche isiyoonekana kwa macho inatosha. Wewe ulikuwa unaipitisha kwenye pampu yenye joto, mafuta na mota ya umeme, kisha inatokea mlangoni mwa pampu, ndani ya karakana. Na ile chupa: kifuniko cha sentimita 8 kikivutwa vakyumu kinabeba uzito unaokaribia mfuko wa saruji. Kioo cha chupa hakikutengenezwa kwa kazi hiyo, na ndani kuna kostiki. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwaza macho yako.

Ukitaka hidrojeni zaidi kwa betri ile ile, njia ipo na haina pampu. Volti 12 kwenye jozi moja ya vijiko ni nyingi mno. Zinazozidi zinaishia kuchemsha maji. Panga chupa sita mfululizo, chanya ya hii kwa hasi ya ile, kila moja ipate volti 2. Tumia mabati mapana ya stenlesi badala ya vijiko, yakaribiane bila kugusana, maana kwa volti 2 vijiko havitapitisha ampea 5. Umeme ule ule utapita chupa zote sita, na kila chupa itatoa gesi yake. Fanyia nje, vifuniko viwe na matundu, usikusanye gesi hiyo kwenye chombo chochote, na vaa miwani na glavu. Usibadilishe kostiki kwa chumvi ya mezani, itakutolea klorini.

Kisha niandikie mita imesoma ampea ngapi kwa chupa sita, na mabati uliyaachanisha milimita ngapi.