Mama kuruhusiwa siku ya tatu baada ya kubadilishiwa goti

Dada, pole kwa wasiwasi. Unauliza kama mama anafukuzwa kitandani hapo Kisumu, maana jirani yenu wa Ahero alilazwa wiki mbili miaka ile. Hafukuzwi. Siku za kulazwa zilianza kupungua hata kabla ya korona. Ilipoingia 2020, vitanda vikagombewa, wadi zikaogopewa, upasuaji usio wa dharura ukaahirishwa nchi nyingi. Kule Marekani na Uingereza waliobadilishiwa goti au nyonga wakawa wanaruhusiwa mapema, wengine siku hiyohiyo, na wengi wakapona vizuri tu.

Mimi ningehofia choo kuliko kitanda. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai sasa; fundi awachongee kiti chenye tundu, kirefu kidogo. Msitoke kabla hajatembea na fremu yake ya kutembelea mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo, na muulizeni daktari dawa ya kuzuia damu kuganda atatumia siku ngapi. Bodaboda? Asahau kwanza.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, mrudisheni. Akikosa pumzi, msingoje kukuche.