Njia za vumbi za Usambara kwa baiskeli: Muheza hadi Amani, kisha mizabibu ya Sakarani

Ndugu uliyeuliza kama mkoa wetu wa Tanga una njia ya siku tatu hivi kwa baiskeli ya changarawe, yaani ile ya tairi pana kwa barabara zisizo na lami, njia inayopanda vilima, inayopita msituni na ikiwezekana inayofika kwenye mizabibu, jibu ni kwamba ipo, ila msitu wenyewe hasa uko Usambara Mashariki na mizabibu iko Usambara Magharibi, na kati ya milima hiyo miwili kuna bonde la mto Lwengera. Ninaishi Tanga mjini na nimeziendesha njia za pande zote mbili kwa miaka tisa sasa, kwa hiyo nitaeleza ninachokijua kwa miguu yangu. Nianze na jambo ambalo wageni wengi hulikosea: hujiandaa kwa ajili ya mpando, wakafanya mazoezi ya mapafu na miguu, kumbe milima hii humtahini mtu wakati wa kushuka.

Nikiwa na siku moja au mbili, mimi huchagua Amani, kule Usambara Mashariki, bila kusita. Kutoka Tanga hadi Muheza ni lami, karibu kilomita 40, yenye mabasi na malori mengi, na kwa kuwa haina raha yoyote kwa mwendesha baiskeli ninakushauri uipakie baiskeli kwenye basi na uteremke Muheza asubuhi na mapema. Hapo ununue machungwa na maji, kisha ushike barabara ya Amani, ambayo ina vipande vya udongo mwekundu na changarawe, ikipita kwenye minazi, michungwa na vijiji vya Wabondei, huku milima ikiwa mbele yako kama ukuta wa kijani. Kipande hiki hadi Sigi, kilomita zipatazo 25, kina vilima vidogo vidogo visivyochosha, na mtu asiyekijua chombo chake vizuri anaweza kukitumia kujaribu gia na breki kabla ya kazi yenyewe.

Sigi ndiko kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, na hapo ndipo unapolipa kiingilio. Jengo la mbao utakaloliona lilikuwa la stesheni ya reli ndogo waliyoijenga Wajerumani kwa ajili ya kushusha magogo ya msituni. Pumzika hapo, ule, ujaze chupa, kwa sababu baada ya lango barabara inapanda zaidi ya mita 400 ndani ya kilomita zipatazo 10, kona juu ya kona, chini ya miti inayokutanisha matawi juu ya kichwa chako. Mpando wenyewe si mkali kupindukia, na mwenye gia nyepesi, yaani ile ambayo meno ya mbele hayazidi meno ya nyuma, atafika juu akiwa amekaa kitini muda wote. Ukisimama kupumua utawasikia hondohondo wakipita juu kwa kishindo cha mabawa kabla hujawaona, na mara nyingi mbega weusi wenye mabega meupe huwa wamekaa kimya wakikutazama.

Kando ya barabara hiyo maji hutiririka kila mahali, na yote yanaelekea mto Zigi, ambao ndio unaojaza bwawa la Mabayani tunakopata maji ya kunywa sisi wa Tanga mjini. Mara ya kwanza nilipolitambua jambo hilo nilikuwa nimeinama kwenye kijito kunawa uso, na tangu siku hiyo siwezi kuona mti wa msitu ule umekatwa nikapita kana kwamba hainihusu. Ndiyo maana ninakuomba kwa dhati usikate kona kwa kupita msituni, hata pale unapoona kijia kinachokuita, kwa kuwa alama ya tairi kwenye mteremko hugeuka mfereji kwa mvua moja tu.

Juu kabisa, kwenye mita zipatazo 900, ndipo ilipo Amani yenyewe, yenye bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, ambako bado ipo miti ya kwinini. Lala hapo, kwenye nyumba za wageni za hifadhi. Siku ya pili ni ya mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa, na kwangu hizi ndizo barabara bora za changarawe katika mkoa mzima, kwani zinapanda na kushuka taratibu kati ya chai iliyokatwa sawasawa kama mkeka na msitu mnene unaoanza ghafla pale chai inapokoma. Ukipita karibu na nyumba ambako iliki inakaushwa, harufu yake hukufuata mpaka kona ya pili.

Sasa nirudi kwenye mteremko. Usambara Mashariki ndiyo inayopokea kwanza upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, kwa hiyo mvua huweza kunyesha mwezi wowote, si Machi hadi Mei peke yake, na kona zilizo kivulini hubaki na utelezi hadi saa nne au saa tano asubuhi hata kama juzi na jana hakukunyesha. Majani makavu yaliyolala juu ya udongo mbichi ndiyo yanayomwangusha mtu, kwa sababu macho yanaona pakavu. Shuka kwa kushika na kuachia breki, ukisukuma mwili nyuma ya kiti, wala usizibane mfululizo, kwani pedi hupata moto na nguvu yake hupungua pale unapoihitaji. Kabla ya kila kona isiyoonekana mbele piga kengele au paza sauti, kwani malori hupanda yakiwa katikati ya barabara na dereva hana pa kukukwepea.

Nilishuka hivyo mwaka juzi nikitoka Amani, na kwenye kona ya tatu jiwe lenye ncha lilichana ubavu wa tairi la nyuma, upana wa kidole gumba, hata tyubu ikaanza kuchungulia nje kama kitovu cha mtoto. Nilikokota baiskeli mpaka kijiji cha chini ya lango, nikamkuta fundi, mzee wa makamo, amekaa chini ya mwembe na beseni lake la maji. Hakuuliza mengi. Alichukua tairi kuukuu la baiskeli, akakata kipande cha vidole vinne, akakikwangua kingo kwa kisu mpaka zikawa nyembamba kama karatasi ili zisiile tyubu, akakilaza ndani ya tairi langu penye mchano, kisha akajaza upepo kidogo kidogo huku akipapasa ubavu kwa kiganja. Niliendesha na kiraka kile hadi Muheza bila tatizo. Tangu siku hiyo ninabeba kipande kama hicho kwenye mfuko wa kiti pamoja na tyubu mbili na pedi za akiba, na nimeacha tairi za upana wa milimita 35 nikahamia 45.

Kuhusu mizabibu nitasema kwa ufupi. Mashamba makubwa ya zabibu nchini yako Dodoma, ambako ni kukame na msitu wa aina hii haupo. Huku kwetu mizabibu ipo Sakarani, kwenye misheni ya Wabenediktini karibu na Soni, ambako watawa hutengeneza mvinyo na kuuza pia makadamia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita 33, nyembamba na yenye magari, kwa hiyo panda basi mpaka Soni, uende Sakarani kwa vumbi, ulale Lushoto, na kesho yake uingie msitu wa Magamba kwenye njia ya kwenda Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inaonekana chini. Huko ni juu zaidi na Juni na Julai kuna baridi kali, hivyo beba sweta.

Ukipata siku nne, anza na mbili za Amani, kisha rudi Muheza upande basi la Lushoto, na umwambie kondakta mapema kwamba una baiskeli ili aiweke kwenye buti kabla mizigo ya wenzako haijajaa.