Kwenda mbele katika wakati kunawezekana, nalitegemea jambo hilo kila siku kazini. Kurudi nyuma ndiko kwenye kazi

Mleta mada umeuliza kama mtu anaweza kweli kusafiri kwenda wakati ujao au uliopita, na kungehitaji nini, au ni mambo ya sinema tu. Mimi ni mpima ardhi, mwaka wa 16 huu. Nusu ya swali lako ninalo jibu mkononi, maana bila hilo jibu risiva ninayobeba shambani, kifaa cha kupokea ishara za setilaiti, isingeweka bikoni, yaani alama ya mpaka, mahali pake.

Setilaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, na kila moja ina saa ya atomu. Risiva inajua ilipo kwa kupima ishara imechukua muda gani kufika. Mwanga hukata sentimeta 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kidogo tu bikoni inaangukia kwa jirani. Sasa setilaiti zile zinakwenda kasi sana, na kasi hiyo huzichelewesha saa zake mikrosekunde 7 kwa siku (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Tena ziko mbali na Dunia, uvutano huko ni hafifu, jambo linaloziwahisha mikrosekunde 45. Ukitoa, kila siku zinatangulia saa zetu kwa mikrosekunde 38. Kwa muda huo mwanga umeshakata kilomita 11 na ushei.

Wamarekani walipoijaribu setilaiti ya NTS-2, ya majaribio ya GPS, mwaka 1977, wapo waliotilia shaka hesabu hizi za mwanafizikia Albert Einstein. Wakaweka kifaa cha kusahihisha saa, lakini wakakiacha kimezimwa. Kwa siku kama 20 saa ikatangulia karibu sawasawa na hesabu zilivyosema, ndipo wakakiwasha. Habari hiyo niliisoma nikiwa mwanafunzi na mpaka leo inanisisimua, kwa sababu ina maana wakati haupiti sawa kwa wote. Hata mtu akikaa kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, atamzidi umri aliyeko usawa wa bahari kwa kama nanosekunde 55 kila siku.

Kwa hiyo anayekwenda mbio, saa yake huchelewa, naye anaruka mbele, na wapo waliosharuka. Mwanaanga Mrusi Gennady Padalka alikaa angani jumla ya siku 879 na amerudi akiwa kijana kuliko ambavyo angekuwa, kwa takribani sehemu 2 za mia za sekunde. Ni kidogo, lakini ni safari ya kweli. Ukitaka kubwa zaidi, nenda kwa asilimia 99 ya kasi ya mwanga: mwaka mmoja wako utakuwa miaka 7 ya huku nyumbani. Kinachokwamisha ni nishati. Kusukuma tani moja tu mpaka kasi hiyo kunakaribia nishati yote inayotumiwa na dunia nzima kwa mwaka, na hapo sijahesabu kusimama wala kurudi.

Kurudi nyuma ni habari nyingine. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu ambao msafiri anaweza kujikuta kwenye jana yake, ila sharti ulimwengu wote uwe unazunguka, na wetu hauonyeshi dalili hiyo. Mwaka 1988 mwanafizikia Kip Thorne na wenzake wakaja na handaki la njia ya mkato angani: mdomo mmoja ubaki, mwingine ukimbizwe mbali na kurudishwa ili saa yake ichelewe. Ukiingilia huu uliochelewa, unatokea kwa mwenzake kabla hujaingia. Tatizo ni kwamba handaki hilo linajifunga lenyewe usipolishikilia kwa nishati hasi, yaani iliyo chini ya sifuri. Dalili za nishati hiyo zimeonekana kwa kiasi kidogo mno, katikati ya mabamba ya chuma yaliyokaribiana sana, na hakuna ajuaye namna ya kuikusanya. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandika mwaka 1992 kwamba huenda kanuni za maumbile zenyewe zinazuia mashine ya namna hii. Mimi naegemea kwake, ingawa wazo hilo halijathibitishwa.

Kuna mzee mmoja huko Lindi, bikoni zake ziling'olewa. Alipoona risiva yangu akauliza, "Mwanangu, hii haiwezi kutuonyesha ilivyokuwa miaka ya sabini?" Nikamwambia, "Hapana baba, haiwezi." Jioni ile niliwaza sana, kwa sababu hata handaki la Thorne lisingemsaidia. Mashine ya aina ile haikufikishi kabla ya siku ilipotengenezwa. Wakiijenga kesho, mpaka wa mzee bado uko nje ya mlango.

Mpaka wenyewe tuliupata siku ya tatu, kwenye mstari wa visiki vya mkonge aliopanda baba yake.