Mama asiache dawa ya sukari kwa ajili ya vitamini

Pole dada. Umesema mama anatumia metformin, dawa ya kushusha sukari, na muuzaji mmoja pale Kariakoo amemwambia aiache, anywe vidonge vya kromiamu na mdalasini. Tafadhali, asiache. Ushahidi kwamba vitu hivyo hushusha sukari ni dhaifu.

Vitamini ya kuulizia ni B12. Metformin ikitumika miaka mingi huweza kuipunguza mwilini, miguu ikaanza kufa ganzi au kuwaka moto. Kwa baba yangu tulidhani ni sukari tu. Alipopimwa damu, B12 ilikuwa chini sana. Mwombe daktari ampime, msinunue kwa kubahatisha.

Mkienda kliniki bebeni makopo yote, hata ya mitishamba. Niasini (vitamini B3) ya dozi kubwa huweza kupandisha sukari, na vitamini C nyingi mno huvuruga usomaji wa baadhi ya mashine za kupimia sukari. Ugali upungue, mchicha uongezeke, jioni atembee.

Akitetemeka na kutoka jasho, mashine ikasoma chini ya 3.9 mmol/L, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpime tena baada ya dakika 15. Akipoteza fahamu msimpe chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.