Ua la theluji litaota Molo?

SWALI: Salamu, Mwalimu. Kaka yangu aliye Norway amenitumia picha ya mmea uliolala juu ya mawe kama mto wa kiti, umejaa viua vya rangi ya waridi. Huku Molo kuna baridi. Akiniletea mbegu, zitaota? – Msomaji, Molo

JIBU: Dada yangu, huo ni Silene acaulis. Hesabu petali, ni tano. Ni jamaa ya kaneshoni, ila kaneshoni husimama kwa shina refu na huu shina lake halionekani. Acaulis kwa Kilatini ni "bila shina".

Huo mto ndio nyumba yake. Vitawi vimebanana hivi kwamba upepo hupita juu tu, na jua likiwaka ndani hupata joto kuliko hewa ya nje. Majani makavu hayadondoki. Hubaki humo humo, yakaoza yakawa udongo wake. Chini kuna mzizi mmoja mnene uliopenya ufa wa mwamba. Mwambie kaka asithubutu kuung'oa. Huchukua miaka mingi kabla ya kutoa ua la kwanza, na ipo inayokadiriwa kuzidi miaka 300.

Sasa Molo. Baridi yenu ni ya usiku na ukungu, lakini jua hurudi kesho yake, Januari hadi Desemba. Mmea huu umezoea kulala miezi mingi chini ya theluji, kisha kuamkia kiangazi kifupi chenye mchana mrefu. Mvua zetu za Aprili zitauozesha. Tena mbegu zisifichwe kwenye sanduku la nguo: zinahitaji kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, maana ugonjwa ukiingia nazo utafika hadi kwa jirani.

Kama moyo unatamani, panda Elgon. Mimi nilipitia lango la Chorlim hadi kilele cha Koitoboss, mita 4,222. Silene hii haiko huko, lakini kuna mmea mwingine wa baridi, dendrosenecio, mrefu kunishinda, amejifunika majani yake makavu shina zima kama koti. Alfajiri, nyasi zikiwa zimeganda barafu, niliingiza vidole katikati ya majani yale. Palikuwa pakavu, na ganzi ikaniachia. Nilisimama pale mpaka wenzangu wakaniita.

Na kaka akipita tena pale mlimani mwanzo wa msimu, apige picha upande wa kusini wa ule mto. Ndiko maua hutangulia kufunguka.