Waligawa bangi mchana kweupe mbele ya ofisi ya meya: majibu ya maswali yenu

Juzi niligusia kidogo habari ya wagonjwa wa Santa Cruz, California, waliopewa bangi hadharani mbele ya ofisi za jiji huku meya kasimama pale pale anaangalia, nikadhani nimepita tu, kumbe nimefungua mlango. Maswali yamekuja mengi, mengine ya hasira. Najibu ninayoyaweza. Kwa wasionijua, mi nakaa Oakland, kazi yangu kwa miaka mingi ni kutunza wagonjwa majumbani kwao, wengi wazee, wengi wa kansa, kwahiyo jambo hili siliongei kama mtu aliyelisikia redioni.

Dada, hiyo habari ya Santa Cruz ni kweli au umeitia chumvi? (Tanga)

Sijatia hata punje. Kulikua na kikundi cha wagonjwa kinaitwa WAMM, kilianza 1993, waanzilishi ni Valerie Corral na mumewe Mike. Valerie mwenyewe alipata ajali ya gari 1973, kichwa kikaumia, akabaki na kifafa, na aliona bangi inampunguzia kuanguka. Wakawa wanalima pamoja na wagonjwa wenzao shamba moja mlimani, hakuna biashara pale, anaeumwa anapewa, anaeweza kupalilia anapalilia, na wengi walikua watu wa kansa na ukimwi waliokua wanahesabu miezi. Jimbo la California lilikua limeshapiga kura 1996, ile wanaita Proposition 215, mgonjwa mwenye ushauri wa daktari aruhusiwe. Lakini Marekani ina serikali mbili kwenye kichwa cha mtu mmoja, jimbo likisema ndio, serikali kuu inaweza kusema hapana, na serikali kuu mwaka 1970 iliiweka bangi kundi moja na heroini.

Sasa tarehe 5 Septemba 2002 alfajiri DEA, yaani kikosi cha serikali kuu cha madawa ya kulevya, wakaja na bunduki, wakakata miche 167, wakawachukua Valerie na Mike. Kulikua na mama mmoja mgeni wao amelala ndani, amepooza kwa polio, yeye mwenyewe alisimulia kwamba aliambiwa ainuke akasema siwezi kuinuka, akatiwa pingu pale kitandani. Habari zikasambaa kwa simu, wagonjwa wakaja mmoja mmoja na magari yao wakaziba njia ya kutokea, hawakurusha jiwe, walikaa tu, msafara wa DEA ukakwama huko juu mpaka ilipothibitika wale wawili wameachiwa.

Siku 12 baadae, tarehe 17, ndio wakaenda mbele ya ofisi za jiji. Watu kama elfu. Wagonjwa wengine kwenye viti vya magurudumu, madiwani wamesimama nao, meya yupo, na bangi ikagawiwa kwa wagonjwa mmoja mmoja kamera zikiangalia. Hakukamatwa mtu. Hebu fikiria ungekua wewe ndio ofisa umepewa amri, ungeanza kumfunga nani pingu, yule wa kansa ya matiti au yule asieweza kushika kikombe? Ndio maana yake ile siku. Walichokua wanafanya kwa siri shambani walikileta juani ili sheria ilazimike kuwatazama usoni.

Sasa hiyo ina tofauti gani na uhalifu wa kawaida? Hata muuza unga anavunja sheria. (Nakuru)

Tofauti kubwa sana kaka yangu. Muuza unga anajificha, anakimbia, akikamatwa anahonga. Hawa walitangaza siku na saa, walitaja majina yao, na walikua tayari kulala jela. Anaekaidi sheria kwa amani anasema sheria hii ni mbaya, naivunja mbele yako, na gharama nitabeba mimi mwenyewe simtupii mtu.

Na wewe wa Nakuru huhitaji kwenda California kulijua hili. Kumbuka akina mama wa 1992 pale Uhuru Park, wamama watu wazima, wengine bibi zetu, waliogoma kula wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiwe, Wangari Maathai akiwa nao, wakapigwa, wakatolewa kwa nguvu, na wengine wakavua nguo mbele ya polisi kwa kuwalaani. Pale kona ya bustani panaitwa Freedom Corner mpaka leo. Wale wamama hawakua na silaha ila miili yao. Wagonjwa wa Santa Cruz ni vile vile, isipokua miili yao ilikua imeshaanza kuondoka.

Mi naona ni kisingizio cha wavutaji tu. Wanajificha nyuma ya wagonjwa. (Morogoro)

Wapo, sikatai. Kuna watu waliojisajili na mgongo unaouma ambao haukuwahi kuuma. Ila usimhukumu mgonjwa kwa kosa la mzima.

Kuna mama mmoja San Francisco, Mary Jane Rathbun, walimwita Brownie Mary, kizazi cha 1922. Alikua anaoka vikeki vya chokoleti vyenye bangi, kweli mwanzo alikua anauza, akakamatwa 1981, hakimu akampa adhabu ya masaa 500 ya kujitolea. Huko kujitolea ndiko kulikombadilisha, akaingia kuhudumia wagonjwa wa ukimwi hospitali ya jiji wodi 86, ugonjwa ndio kwanza umeanza, vijana wanaisha wanabaki mifupa, hawawezi kula, wanatapika hata maji. Akaona vikeki vyake vinawarudishia hamu ya kula. Basi akaacha kuuza akaanza kugawa bure, pesa ya unga na siagi anatoa kwenye pensheni yake ndogo na michango ya watu. 1992 akakamatwa tena anaoka, miaka 69, magoti mabovu. Jiji la San Francisco likatangaza tarehe 25 Agosti mwaka huo siku yake, na kesi ikafutwa. Huyo alikua anajificha nyuma ya wagonjwa? Alikua anawabadilishia mashuka.

Na tuseme ukweli wote, bangi haiponyi kansa. Anaekuuzia mafuta ya bangi akakwambia utaacha kemo, zile dawa kali za kuua kansa, ni muuaji, sina neno jingine. Inachosaidia ni vitu kama kichefuchefu cha kemo, hamu ya kula, maumivu fulani fulani, kukakamaa kwa misuli, na kuna aina mbili za kifafa kikali cha watoto ambazo mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kabisa dawa iliyotolewa kwenye mmea huo. Pia ina madhara, kijana mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwao asiisogelee. Nayasema haya manake nikiyaficha ntakua nimewaharibia hao hao ninaowatetea.

Mahakama zilikubali hoja yao? (Dar es Salaam, anasoma sheria)

Mara moja moja. Wa kwanza kabisa ni Robert Randall wa Washington, macho yake yalikua yanapofuka kwa glakoma, akakutwa na miche nyumbani, akamwambia jaji bila hii nakua kipofu, na 1976 jaji akakubali kwamba alilazimika. Matokeo yake serikali kuu ikaanza kumpa bangi yenyewe, inayolimwa chuo kikuu cha Mississippi! Wakaongezwa wengine wachache, wakawa wanapokea kopo la misokoto kama 300, halafu 1992 mlango ukafungwa kwa wapya, wakati ule ule wagonjwa wa ukimwi walipoanza kuomba kwa wingi.

Baada ya hapo mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliwakatalia. 2001 ikasema hoja ya "nililazimika kwa ugonjwa" haipo kwenye sheria ya madawa ya serikali kuu, 2005 kwenye kesi ya mgonjwa Angel Raich ikasema majaji 6 kwa 3 kwamba serikali kuu inaweza kumkamata hata aliyelima nyumbani miche yake ya dawa. Kisheria walishindwa. Lakini angalia kesi ya Ed Rosenthal, 2003, alilima kwa ajili ya wagonjwa kwa idhini ya jiji la Oakland, jaji hakuruhusu baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, liambiwe hivyo, wakamtia hatiani, walipotoka nje wakasoma magazeti wakajua, na kadhaa wao wakasimama hadharani kumuomba msamaha. Jaji akampa kifungo cha siku moja. Na 2014 bunge la Marekani likakata pesa, wizara ya sheria isitumie hata senti kuingilia majimbo yenye bangi ya matibabu, na mmoja wa wabunge wawili waliosukuma hilo, Sam Farr, ni wa pwani ile ile ya Santa Cruz. Miaka 12 baada ya pingu kitandani. Wewe unaesoma sheria, usiishie kwenye hukumu, fuatilia na yaliyotokea nje ya mlango wa mahakama.

Shikamoo dada. Niko Minnesota na green card. Rafiki yangu Mmarekani ana kansa, anaenda na wenzake kukaa chini kwenye ofisi ya serikali mpaka wakamatwe. Nataka kukaa nae. Nifanye? (Minneapolis)

Marahaba mdogo wangu. Hapa ntakaa kidogo.

Usikae nae kwenye mstari wa kukamatwa. Najua inauma. Minnesota bangi ni halali, matibabu tangu 2014 na starehe tangu 2023, lakini uhamiaji ni serikali kuu, na serikali kuu haijali jimbo lako limesema nini. Mtu asie raia akikutwa na hatia ya bangi anaweza kupoteza makazi, kuna nafuu moja finyu tu ya kosa moja la gramu 30 kushuka chini za kutumia mwenyewe. Mbaya zaidi huhitaji hata kuhukumiwa, kukiri tu kwa ofisa kwamba umetumia kunaweza kukuziba. Na 2019 uhamiaji walitoa mwongozo wazi kabisa kwamba hata kufanya kazi duka halali la bangi kunaweza kukunyima uraia. Na ile fomu ya uraia inauliza umewahi kukamatwa popote kwa lolote, hata kama ni kwa kukaa sakafuni tu. Kabla hujafanya chochote muone mwanasheria wa uhamiaji, sio shemeji anaejua jua.

Nakwambia hivi kwa sababu nimepita hapo. Miaka ile sina karatasi nzuri nilikua namtunza mzee mmoja, kansa ya koo, alikua mwalimu, mikono inatetemeka hawezi kusokota wala kuwasha. Wakala aliyeniajiri kanionya nikiigusa tu kazi hamna. Basi nilikua naandaa mto, namuwekea sahani ya majivu na glasi ya maji karibu, jirani yake anakuja anamuwashia, mi natoka naenda kukaa ngazini nje nalia, halafu narudi namlisha supu, na siku hizo supu ilikua inakaa tumboni. Sikuwahi kumuwashia hata mara moja. Mpaka leo naliwaza, lakini nilikua na watoto wawili nyumbani wananitegemea, na yeye mwenyewe aliniambia usithubutu, mimi ni raia na ninakufa, hii ni kazi yangu.

Kwahiyo muache rafiki yako afanye kazi yake na wewe fanya yako. Kila mtu anaekaa chini akakamatwa anahitaji watu kama watano nyuma yake. Kuna wa kumpeleka na gari, wa kushika dawa zake na orodha ya masaa ya kunywa (muhimu kuliko mnavyodhani, mgonjwa kunyimwa dawa zake mahabusu ni hatari ya kweli), wa kukaa na watoto, wa kumsubiri nje na blanketi na chai, wa kujaza viti mahakamani. Kuandamana kihalali barabarani unaweza. Hakikisha tu polisi wakitangaza tawanyikeni wewe unatawanyika.

Mi ni nesi. Nikimshauri mgonjwa tu, nitapata kesi? (Sacramento)

Madaktari wa California walitishiwa hivyo hivyo baada ya 1996 kwamba wakishauri watanyang'anywa leseni ya kuandika dawa. Wakaenda mahakamani, na 2002 mahakama ya rufaa ikasema daktari kuongea na mgonjwa wake ni uhuru wa kusema, kumpatia ndio kosa. Hukumu hiyo ilihusu madaktari, wewe nesi soma na kanuni za leseni yako na za mwajiri.

Hapa kwetu je? Mamangu ana kansa, anatapika, analia usiku. Tuanze na sisi kugawa? (Mombasa)

Pole sana mwanangu, pole na kwa mama.

Sikwambii ugawe. Santa Cruz walikua na sheria ya jimbo nyuma yao, meya, waandishi wa habari na mawakili, wewe ukikamatwa Likoni utakua peke yako na mama atabaki bila wa kumgeuza kitandani. Kenya ipo sheria ya 1994, Tanzania ya 2015, zote kali. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mwenyewe akiwa na kansa, alimwandikia spika 2018 akitaka msaada wa kuandaa mswada wa kuruhusu bangi ikiwemo ya matibabu, Julai 2019 akafariki na jambo likazimika nae. Rwanda nao waliruhusu 2020 kulima bangi ya dawa, lakini ni ya kuuza nje.

Ila kuna mambo ya leo usiku. Kutapika kwa kemo kuna dawa halali, rudi kliniki mwambie daktari hii mlompa haifanyi kazi, kuna nyingine, usikubali jibu la "vumilieni". Maumivu yana mofini ya maji. Uganda wameitengeneza wenyewe na kuigawa bure kwa wagonjwa miaka na miaka, kwahiyo asikwambie mtu kwamba nchi maskini haiwezi kutuliza maumivu ya mtu. Kenya pia ipo, uliza hospitali yoyote kubwa kitengo cha huduma shufaa, yaani wale wa kumtuliza mgonjwa maumivu, utaje neno hilo hilo, shufaa. Wakisema imeisha, uliza itakuja lini, uliza nani anahusika, andika jina lake, rudi kesho yake, nenda na wenzako wenye wagonjwa, mkae kwenye benchi wote na wagonjwa wenu mpaka mjibiwe. Kukaa benchi la hospitali sio kosa. Niandikie wiki ijayo unambie mama alilalaje.